Betri ya Kwenda Mtoni

Kabuchai, Bungoma
3 Julai 2006

Baba Viola,

Salamu nyingi. Sisi tu wazima. Viola na wadogo zake wazima, mama yako mzima, ng'ombe mzima. Kisicho kizima ni betri ya kamera. Nikiipeleka kwa kinyozi sokoni kuichaji, taa ya chaja inabaki nyekundu hadi jioni, na betri yenyewe haiingii tena vizuri mahali pake. Usiniulize imekuwaje. Vitu huzeeka.

Nakuandikia mbio kwa sababu Makokha, yule wa duka la mbolea, alikuja hapa nyumbani jana. Mtoto wake anatahiriwa Agosti hii na anataka mimi ndiye nipige picha. Hataki za ng'ombe akichinjwa wala za wageni wakila. Anataka za asubuhi ile yenyewe: kijana akitoka mtoni amepakwa matope mwili mzima, kisha uso wake akiwa amesimama uani mbele ya ngariba. Unajua jambo hilo halirudiwi. Huwezi kumwambia kijana wa matope asimame kidogo, arudi nyuma, atazame huku.

Madam Joan, mkuu wa shule ya wasichana, ni dada yake Makokha. Ameniambia ataziangalia picha hizo kwa makini. Akiridhika, kuanzia muhula wa tatu mimi ndiye nitapiga picha za vitambulisho vya wanafunzi wake, mwaka huu na kila mwaka. Krismasi tulikubaliana, wewe na mimi, kwamba nikipata kazi moja ya kudumu unaacha kubeba magunia ya mahindi ya Mzee Kagwe huko Kitale na kurudi nyumbani. Kazi yenyewe ndiyo hii, Baba Viola. Nyingine siioni.

Kamera ni ile ile aliyotuachia sista wa misheni aliporudi kwao, kwa hivyo betri zake si za kuokota popote. Tonny wa studio pale Bungoma hana orijino. Anasema Kitale kuna duka la mtu anaitwa Mbugua. Namba ya betri nimeiandika kwenye karatasi hii nyingine. Nitafutie orijino. Mwenye duka akikuambia "hii nayo ni sawa tu", toka.

Ningekupigia simu, lakini mwenye kile kibanda cha simu husikiliza mazungumzo ya watu na kisha kuwapa ushauri.

Wako,
Agneta


Kitale
9 Julai 2006

Mpenzi Mama Viola,

Barua yako ilinikuta juu ya lori la Wanjala, gunia liko begani. Nikamwambia aisukume ndani ya shati langu kwa sababu sikuwa na mkono wa kuipokea. Nimefanya nayo kazi mpaka jioni. Imelowa jasho lakini mwandiko wako haukuharibika.

Leo Jumapili nimekwenda kwa Mbugua. Nilikuwa na Kimeli, mwenzangu wa kupakia. Mbugua alitutazama viatu kwanza, ndipo akatutazama uso. Akasoma namba yako, akatoa betri mbili na kuziweka juu ya kioo. Zinafanana kama mapacha.

"Hii ni orijino," akasema. "Hii si orijino, lakini kazi ni ile ile."

Nikamuuliza tofauti ni nini.

"Bei."

"Na nini kingine?"

"Mzee, bei yenyewe si tofauti ya kutosha?"

Alipoitaja, Kimeli akasema, "Bana, kwa hiyo orijino mimi napata mbuzi, na mbuzi hachajiwi kwa kinyozi."

Mimi sikusoma sana, wewe unajua, niliacha darasa la saba. Lakini nimefikiria hivi. Kwa bei ya orijino moja tunapata feki tatu, karibu nne. Moja ikizima unatia nyingine. Hata huku kwenye magunia ndivyo tunavyofanya, mmoja akichoka mwingine anaingia. Niambie kama nimekosea.

Mzee Kagwe anataka kujua kabla ya mwisho wa Agosti kama nitakuwa naye mwaka mwingine, ili kama sivyo atafute mtu kabla ya mavuno. Nimemwambia angoje. Anasema, "Wabwile, unaandikia bibi barua kama kijana wa sekondari." Nikamwambia kijana wa sekondari hana bibi kama wangu.

Mimi ni mzima. Bega la kulia linasumbua kidogo tu, ni hii baridi ya huku.

Mume wako,
Wabwile


Kabuchai
14 Julai 2006

Baba Viola,

Umekosea, lakini umekosea kwa hesabu nzuri.

Nikueleze kitu ambacho sikukueleza. Kumbuka yale mazishi ya Cheptais mwaka jana, niliyokwenda nikarudi bila kuongea siku nzima. Niliazima betri mbili feki za Tonny, yangu ikiwa bado kwa kinyozi. Kamera ilionyesha imejaa. Ibada ikapita, hotuba zikapita, bado imejaa. Mama mwenye msiba alipoinama kutia udongo ikazima. Si kwamba ilipungua. Ilizima tu, kama mtu anayekuambia "niko sawa, niko sawa" mpaka unamwokota chini. Kulikuwa na baridi ya kule mlimani, na betri hizo haziipendi baridi hata kidogo. Nikatia nyingine ya Tonny, nayo ikaonyesha imejaa. Hiyo haikupiga hata picha moja. Yule mama alinitazama tu, na mimi nikajifanya nakunja kamba ya kamera.

Orijino ikichoka inakuambia. Inashuka pole pole, unaona, unajipanga. Feki tatu ni waongo watatu.

Lakini sikiliza. Kama bei imekushinda, niambie wazi imekushinda. Sitakuwa na hasira. Nitakuwa na hasira ukinificha.

Na hilo bega ulionyeshe mtu. Baridi haichagui bega moja.

Agneta


Kitale
23 Julai 2006

Mpenzi Mama Viola,

Ndani ya bahasha hii kuna betri. Nimeifunga kwa soksi yangu safi, usitupe soksi. Sanduku lake lilichanika nikalitupa.

Nakuambia wazi kama ulivyotaka. Ni feki. Ni moja. Bei ya orijino imenishinda, na hata feki nimeona nichukue moja nzuri kuliko tatu mbaya. Mbugua anasema hii ni feki ya hali ya juu. Sijui feki ina hali gani ya juu, lakini ndivyo alivyosema.

Jambo la pili ni baya zaidi. Mzee Kagwe amekataa kunipa ruhusa mwezi wa Agosti. Anasema mahindi ya zamani lazima yatoke ghalani kabla ya mapya. Kwa hivyo sitakuwa hapo asubuhi ya kijana wa Makokha kukubebea mkoba, kama tulivyopanga. Nilitaka sana kuja. Tangu Krismasi sijawaona, na Kimeli anasema sasa naongea nikilala, nawaita watoto waje wale.

Kazi ni nyingi. Jioni sipandi hata ngazi ya kitanda cha juu, Kimeli amenipa cha chini. Usiwe na wasiwasi.

Nisamehe kwa hiyo betri. Wewe una akili, utaiongoza.

Wabwile wako


Kabuchai
30 Julai 2006

Baba Viola,

Betri imefika. Soksi ina tundu, nimeishona, inakuja na barua hii.

Sitaki kukudanganya, niliketi chini nikalia kidogo. Si sana. Kisha Viola akaniletea chai na nikajisikia mjinga. Umeniambia ukweli, na ndivyo nilivyoomba. Mwanamume mwingine angenitumia feki na kuapa ni orijino.

Kwa hivyo nimeamua kuishi nayo kama mtu anayeishi na mke mwenza mwenye maneno. Kwanza nimeijaribu. Nimepiga picha kuku, mlango, mti wa parachichi, mama yako akikataa kupigwa picha, mpaka ikazima yenyewe. Sasa nimejua inavyokufa. Haiagi. Alama inaonyesha imejaa mpaka mwisho, kwa hivyo nimeacha kuitazama alama.

Pili, haitalala ndani ya kamera. Nitaibeba kifuani, chini ya leso, ipate joto langu, na nitaitia wakati wenyewe tu. Tatu, sitawasha mwanga wa kamera, sitatazama picha kwenye kioo chake, sitampigia mtu yeyote picha usiku ule wa ngoma, hata Makokha mwenyewe. Watasema nina maringo. Waseme.

Mama yako anauliza mbona Kagwe amekuwa mgumu. Anasema mwaka jana alikupa ruhusa ya matanga ya mjomba bila neno. Nimemwambia watu hubadilika.

Sitaki uwe na uchungu kwamba hutakuwapo. Nataka uache tu hayo magunia.

Agneta


Kitale
6 Agosti 2006

Mama Viola,

Soksi imefika.

Nina maneno machache leo. Wiki yote tumepakia mvua ikinyesha na gunia lililolowa ni kama kubeba mtu asiyetaka kwenda. Kimeli ananichekea, anasema natembea kama bibi harusi.

Nimefikiria hiyo betri kila siku. Nilitaka nikuambie uiamini zaidi kidogo, usijinyime sana. Halafu nikaona mimi si fundi wa mambo hayo. Fanya unavyojua.

Nimemwambia Mzee Kagwe atapata jibu lori la Wanjala likileta habari zako. Ameguna tu.

Nakuombea wewe na kijana wa Makokha. Yeye asipepese macho, na wewe usipepese.

Wabwile


Kabuchai
20 Agosti 2006

Baba Viola wangu,

Keti mahali kabla ya kusoma. Si habari mbaya.

Jioni ile kwa Makokha watu walijaa, kengele mikononi mwa kijana zinalia, pombe iko, nyama iko. Mimi nimekaa kwenye kiti na kamera imefungwa. Mama mmoja wa Chwele akasema kwa sauti, "Mama wa picha, kamera yako imekuja kula nyama tu?" Nikamwambia imefunga, itafungua asubuhi. Wakacheka. Makokha hakucheka. Alikuja akanong'ona, "Agneta, si unipigie hata moja na shemeji zangu?" Nikamwambia, "Mzee, unataka shemeji zako au unataka mtoto wako?" Akaondoka.

Alfajiri wakaenda naye mtoni. Sikuwafuata. Unajua kijana harudi kwa njia aliyoendea, basi nikazunguka kwa miwa nikangoja upande ule wa pili. Umande ulikuwa baridi kama chuma. Niliposikia wimbo unapanda ndipo nikaitoa betri kifuani na kuitia. Akatokea. Matope kichwani, nyasi imesimama utosini, macho mbele. Nikapiga. Nikakimbia mbele yake, nikapiga. Nikazima. Uani nikapenya kati ya wajomba, mmoja akanikanyaga, nikawasha. Akasimama. Ngariba akaja. Baba Viola, uso wa yule mtoto ulikuwa kama ukuta wa kanisa. Nikaupiga uso huo, nikaupiga tena wakati mikono yake iko juu na filimbi inalia kwamba amemaliza, na baada ya hapo kamera ikazima na haikuwaka tena. Wageni wakicheza, shangazi wakitunza, sina hata picha moja ya hayo. Sikuyahitaji.

Makokha alipoletewa picha kutoka studio aliziweka mezani, akaenda nje. Mke wake akaniambia, "Mwache, anafuta macho." Madam Joan akazitazama moja moja. Akasema, "Muhula wa tatu ni wako."

Fikiria kama ungeniambia ni orijino. Ningeanza kupiga tangu ng'ombe akichinjwa, nikitazama alama imejaa, na alfajiri ningekuwa nimeshika jiwe. Ukweli wako ndio uliopiga zile picha.

Nilimwonyesha Tonny hiyo betri. Akaipima kwa kiganja, akasema ni nyepesi. Akasema ni feki, lakini ya ujanja sana, imechapwa jina la kampuni vizuri na alama inayong'aa, ukiikwaruza kwa kucha ndipo inatoka. Ati nyingi zinauzwa kama orijino, na kwa bei ya orijino, na watu wanalia. Nikamwambia, "Mume wangu hakulizwa na mtu. Aliijua, na aliniambia waziwazi." Nilijisikia vizuri kusema hivyo mbele ya watu wa studio.

Sasa kwa kuwa mambo ni mazuri, nami niseme langu. Betri ya zamani haikuzeeka. Mama yako aliikuta mezani imeisha moto, akataka kunisaidia. Akapanda kuianika juu ya bati pamoja na betri za redio yake, kama anavyofanya zikichoka. Jioni ilikuwa imevimba kama andazi. Alilia, akaniomba nisikuambie. Tangu siku hiyo hagusi kitu changu bila kuuliza. Mwandikie neno la kumfurahisha.

Na mwambie Kagwe.

Agneta


Kitale
27 Agosti 2006

Agneta,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila nikifika pale kwa Tonny natamani kuirudisha ndani ya bahasha.

Niliinunua kama orijino. Nilimlipa Mbugua bei ya orijino yote, akanipa sanduku zuri. Sanduku halikuchanika, nililitupa mimi ili usijue. Mzee Kagwe hakukataa ruhusa. Alinipa. Mimi ndiye nilirudisha zile siku, nikafanya kazi, na nauli yangu na siku zile zote zikaingia kwenye betri. Ningekuambia ni orijino ungeuliza nimepata wapi pesa, na ungejua siji kwa sababu gani, na ungeirudisha. Nakujua. Basi nikaona nikudanganye kwamba ni feki. Kumbe ilikuwa feki. Sijawahi kusikia mtu aliyedanganya akasema ukweli, labda ni mimi wa kwanza.

Jana nimekwenda kwa Mbugua na Kimeli. Nilitaka kumpiga ngumi, lakini bega halinyanyuki. Nikamwambia umeniuzia feki.

Akaniuliza, "Ilipiga picha?"

"Ilipiga."

"Zilitoka nzuri?"

"Nzuri sana. Mtu alilia."

"Sasa mzee, unalalamika nini?"

Kimeli akamwambia, "Analalamika kwa sababu alitaka bibi yake adanganywe na mtu mmoja tu, na huyo mmoja ni yeye mwenyewe." Watu wote dukani wakacheka, mimi pia nikacheka, na pesa sikurudishiwa.

Mama mwambie hivi: hata mimi ningeianika. Nilidhani ndivyo inavyofanywa. Mwambie asiogope vitu vya nyumba yake.

Sasa jambo ambalo linanikosesha usingizi. Shule nzima ya wasichana haiwezi kupigwa picha na feki inayokufa bila kuaga. Lazima upate orijino ya kweli, ya kuagiza Nairobi. Nimefikiria nimwambie Mzee Kagwe nabaki mwaka huu mmoja tena, ili ile ya kweli ipatikane na kazi yako isiharibike kwa sababu yangu. Anataka jibu Alhamisi. Kalamu iko mkononi mwangu, lakini nimeona nikuulize kwanza, maana nimeshafanya jambo moja bila kukuuliza na umeona lilivyokwenda.

Nimechoka, Agneta. Bega si baridi. Limekuwa hivi tangu Mei.

Wabwile


Kabuchai
29 Agosti 2006

Baba Viola,

Wanjala anangoja nje na injini inanguruma, kwa hivyo sitarembesha.

Nimekasirika kwa sababu ya nauli. Nimekasirika zaidi kwa sababu ya bega. Kwa sababu ya betri sina hasira hata kidogo, na ukinikuta ninacheka peke yangu kwa miwa usiulize. Nilimsifu mume wangu mbele ya studio nzima kwamba hajui kudanganya. Sasa nitapitia njia gani Tonny asinione?

Usimwambie Kagwe unabaki. Umesikia? Shule ina stima. Shule si mtoni. Msichana akipepesa macho nitamwambia asimame tena, na kamera ikizima nitakunywa chai ya walimu mpaka ichaji. Nimeshanunua feki nyingine kwa Tonny, kwa bei ya feki, na inajua ni feki. Mbili zitabadilishana pale ofisini, moja kazini, moja ukutani. Orijino ya Nairobi tutaiagiza siku moja, tukiitwa tena mtoni, na tutaichagua sisi wawili, kucha zetu zikiwa ndefu.

Nilichokosa shuleni si betri. Madam Joan anataka nyuma ya kila kichwa pawe peupe, na ukuta wao una madoa. Nina shuka nyeupe. Sina mtu mrefu wa kuishika. Inashikwa kwa mkono wa kushoto ikiwa wa kulia unauma, na wanafunzi ni wengi, kwa hivyo utapata kuketi kati ya darasa na darasa.

Kimeli mwambie asante kwa kitanda cha chini, akitoe kwa mwingine. Mwambie Kagwe leo, usingoje Alhamisi. Wanjala amekubali kukubeba mbele pamoja naye, na nauli amesema hapokei kwa mtu anayebeba barua ya bibi ndani ya shati mpaka inalowa jasho.

Muhula unafunguliwa Jumatatu. Shuka nimeifua.

Agneta